Mswala Nyuma ya Tangi la Maji

Korona ilipofunga soko la mifugo, mume wangu alirudi nyumbani Kiwanjani akakaa. Ni dalali wa ng'ombe, mtu aliyezoea kupiga kelele tangu alfajiri, na sasa hakuwa na ng'ombe wala mnunuzi. Alibaki na mimi. Mara chai ina majani mengi, mara watoto wanacheka sana, mara barakoa yake nimeiweka wapi. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Tuligombana hadi majirani wakaacha kuja kutuamua.

Dada yangu, aliyeajiriwa na kaunti, alinionea huruma. Akanitumia kwa simu sauti ya mwanamke mpole anayefundisha watu kutulia: keti, fumba macho, fuata pumzi yako. Nilimwambia dada kwamba huyo aliyerekodi hakika hana mume nyumbani. Lakini siku moja baada ya swala ya alasiri nilibaki kwenye mswala wangu, nyuma ya tangi la maji, nikajaribu. Mume wangu akaja akiniita. Aliponikuta kimya, macho nimeyafumba, alinyamaza akarudi akinyata.

Alidhani ninamtaja Mungu. Kwetu hakuna anayemkatiza mtu aliye kwenye mswala. Sikumsahihisha, na sijuti. Nilikuwa nimepata mahali pamoja katika boma lile ambapo sikuitwa.

Nikawa ninakaa pale kila jioni. Sitasema uongo, kitu kile kilinisaidia. Usingizi ulirudi. Nilijifunza kungoja kabla ya kujibu, na mara nyingi nikaona hakuna haja ya kujibu. Nilijivunia sana, nikasema moyoni kwamba sasa nimekuwa mtu mzima. Mama mkwe akawa anawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe amepata subira ya wanawake wa zamani.

Soko lilipofunguliwa, mama mkwe na mume wangu walikuja wakaketi mbele yangu kwa heshima nyingi, hata maziwa ya ngamia wameniletea. Habari yenyewe ilikuwa hii: kuna mjane kule Burat, dada ya mfanyabiashara mwenzake, na mume wangu anataka kumwoa awe mke wa pili. Mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake. Mama yake ndiye aliyesema.

"Binti yangu, wanawake wengine wangechoma hii nyumba. Lakini wewe Mungu amekutayarisha."

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Utulivu nilioutafuta ili nisife kwa sababu ya mume wangu, ndio huo aliokuja kuutumia dhidi yangu. Nikavuta pumzi, nikaitoa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikasema ninalotaka bila kulia na bila sauti kupanda.

"Hapana, baba watoto. Mimi sitaki."

Alishusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia, akamshukuru Mungu. Hapana zangu zote alizozijua zilikuja na sufuria zikiruka. Hii ya upole hakuitambua, akaichukua kama ndiyo. Mama mkwe alinishika mkono, akasema kila mwanamke husema hivyo kwanza. Ijumaa iliyofuata walichinja mbuzi wa harusi, na nyama nikapewa mimi niigawe, kwa kuwa katika nyumba nzima ni mimi tu niliyekuwa mtulivu.