Lango Lililoogopwa na Ujiji

Jumapili nilimwona mzee wa Ujiji, shabiki wa zamani, akijipenyeza kwenye ufa wa ukuta wa uwanja wetu wa Kigoma. Hapakuwa na mechi. Alikuja kukaa tu. Lango kubwa lilikuwa wazi, ila mashabiki wa Ujiji hawajalipita tangu enzi za timu zetu mbili, wakiamini watani wao wa Kigoma mjini walifukia hirizi pale.

"Shikamoo mzee. Si upite langoni?" mlinzi, shabiki wa mjini, alimwambia. "Timu yenu ilishakufa."

"Na yenu je?"

"Yetu ilitangulia."

Mzee akajipangusa vumbi, akatazama mbuzi waliokuwa wakila nyasi golini. "Sasa nani kamroga nani?"

Hirizi ndiyo iliyoogopwa miaka yote. Viongozi wa soka walioziua timu zote mbili kwa ubadhirifu walipita lango hilo hilo, tukiwapigia makofi.