Mbao za Nyumba ya Papa

Nakumbuka Jumatatu ile ya mvua tulipompoteza Mama, kule mlimani Burungu, maharage yakiwa bado shambani. Nilikuwa msichana mdogo, mwanangu, lakini mambo nilishaanza kuyaelewa.

Papa alikuwa na mbao. Kila alipouza maharage alinunua mbao za mkaratusi, akazipanga nyuma ya jiko, vijiti katikati zisipinde, turubai juu, mawe juu ya turubai. Alitaka nyumba kubwa kuliko zote mlimani, ili hata akifa watu waitaje kwa jina lake. Sisi tulilala katika nyumba ya udongo, maji yakipenya ukutani. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Alimwomba mbao chache za kitanda, atoke kwenye ile sakafu ya baridi.

"Ngoja," Papa akamwambia. "Tukianza kupunguza, nyumba haitaisha."

Mama akangoja.

Asubuhi ile majirani walikuja kuuliza jeneza litatoka wapi. Papa akajibu kwamba wengi wanazikwa katika mkeka. "Hizi mbao njo za nyumba, si za jeneza," akasema, bila kumtazama mtu.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa ndani akimwosha Mama. Akatoka, mikono bado ina maji.

"Nyumba ya nani? Mwenye angelala mule iko hapa ndani, amenyamaza. Alikuomba kitanda, ukamunyima. Haya, mukatalie na leo, tuone utaijenga na nani!"

Papa akaenda nyuma ya jiko, akaanza kuyatoa mawe. Alichagua mbao pana, zile za mlango. Misumari aliipigilia mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tulipofika kaburini bado alikuwa ameshika nyundo, na udongo akautupa kwa mkono wa kushoto.

Nyumba haikujengwa. Mbao zilizobaki zilichukuliwa na watu waliopita na bunduki, wakazifanya kuni za kupikia.

Mwanadamu ni pumzi, mwanangu. Kanisani tuliliitikia amina neno hilo, Papa akiwa kwenye kiti cha mbele, na hatukulielewa. Sikukatazi kujenga. Ila vitu unavyovitunza havikujui, na jina unalolihangaikia, watoto wa mlima huu hawatalikumbuka. Mtu wako akikuomba kitanda leo, mpe leo. Sina faraja nyingine ya kukupa.

Mungu akupe nyumba, na akuachie watu wa kulala ndani yake.