Mashua Iliyokuwa Paa Letu

Tulipofika Sib, pwani ya Omani, kutoka Unguja mwaka sitini na nne, mama, mimi na mdogo wangu, hatukuwa na pa kulala. Baba alikuwa ameshauawa kule katika mapinduzi. Ami, kaka yake baba, alitupa nyumba yake, yeye akahamia kibanda cha makuti uani. Nyumba yenyewe ilikuwa mashua iliyopinduliwa juu ya kuta za mawe. Ili uingie ilibidi uiname chini ya ukingo wake. Watoto wa jirani walitufananisha na kaa wa pwani, wakitupigia kelele, "Kaa! Kaa! Tokeni shimoni!" Nilikuwa msichana wa haya, nikawa naogopa hata kwenda kisimani.

Mashua ile ilitoka kwenye meli ya Waingereza. Wakati wa vita vikubwa ami alikuwa mtia makaa ndani ya meli hiyo. Nyambizi ikaipiga, ikawaka, watu wakajitupa baharini nguo zao zikiungua. Waliopata mashua wakaokoka, mawimbi yakawatupa pwani yetu, na wenye meli hawakurudi kuichukua. Ami alipenda kuwahadithia wageni. "Hii imeokoa roho za watu," husema, akiipiga kofi kama anayempiga ng'ombe wake. Lakini juu ya mlango ukingo ulikuwa umebonyeabonyea. Nilipomuuliza ni nini, alisema, "Papa," akaondoka.

Mwaka wa tatu akaja mtu kutoka Matrah. Kaka yake alikuwa mtia makaa pamoja na ami. Alimweleza shekhe wa mji wetu kwamba mzee mmoja aliyekuwamo mashuani, kabla hajafa, alimwambia yeye jinsi kaka yake alivyokufa. Mashua ilikuwa imejaa, maji yamefika ukingoni. Kaka yake akaushika ukingo kwa mikono miwili aingie, na ami akaipiga mikono ile kwa kasia mpaka ikaachia. Kwa kuwa shahidi ameshakufa, shekhe akaamua hivi: Ijumaa ami aape kwa msahafu kwamba hakufanya. Asipoapa, mashua ni ya yule mtu.

"Apa, shemegi," mama alimwambia. "Hawa watoto nitawalaza wapi? Maiti hataki paa."

"Nnajua."

"Basi apa!"

Ijumaa ami akaenda msikitini, na hakuapa.

Alasiri yule mtu akaja na shoka. Hakuitaka mashua, alitaka kuipasua aichome. Pigo la kwanza lilitoboa ubao juu ya kitanda chetu, kibanzi kikamchana mdogo wangu shavu, damu ikamjaa shingoni. Mama akakaa mlangoni.

"Anza na kichwa changu, mwanamme wee!"

"Ondoka, Mzinjibari. Unalala chini ya kaburi la kaka yangu."

Akaliinua shoka. Ami alitokea uani mbio, akasimama baina yao.

"Hawa hawakumpiga mtu," alisema. "Nilimpiga mimi. Alikuwa akiniita kwa jina langu, nami nikampiga." Akanyoosha mikono juu ya kichwa cha mama, akaushika ukingo pale pale palipobonyea. "Mashua waachie. Chukua mikono."

Yule mtu alimtazama sana. Kisha akalitupa shoka, akaling'oa kasia kuukuu lililokuwa nguzo ya kibanda, akapiga. Nilisikia vidole vikivunjika kama kuni kavu. Ami alipiga ukelele lakini hakuachia. Akapiga pigo la pili, bado hakuachia, damu ikamtiririkia mama kwenye mtandio. Kwa la tatu, mikono ikaanguka yenyewe. Yule mtu akaendelea kuupiga mchanga, analia, mpaka kasia likakatika. Halafu akaenda zake, na shoka lake hakulirudia.

Mganga wa mifupa alivifunga vidole, vikaunga vimepinda. Kwa dini yetu, mama hakuweza kumlisha shemegi yake kwa mkono, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Siku ya kwanza tulikaa mlangoni, nikamtia tonge mdomoni, nimeinamisha macho kwa haya.

"Mwambie mama'ko chumvi imezidi," akasema.

Mama alikuwa ndani, chini ya mashua, anaziba tundu la shoka kwa gunia na lami.

"Mwambie ami yako, angeapa angejipikia mwenyewe!"

Ami akacheka, mara uso ukamkunjika kwa maumivu. Nikamega tonge jingine. Akafungua mdomo.