Udongo wa Kichuguu cha Mama Amoit

Nikiwa mtoto kule nyuma ya stesheni ya Malaba, miaka ya sabini, tuliogopa mdomo wa jirani yetu Mama Amoit. Akisema utaanguka, ulianguka. Mimi nilikuwa mwizi wa kichuguu chake. Mvua ikinyesha, udongo ule ulinukia vizuri, nikawa naumega na kuula kama andazi. Siku moja akanikuta mdomo mwekundu.

"Kula tu," akasema. "Utajaa minyoo mpaka utambae."

Wiki chache baadaye goti langu la kulia likavimba likang'aa, na moto wake ungeweza kuivisha yai. Nikatambaa kweli. Mama akataka kujua nani alinitamkia nini.

"Mama Amoit alisema nitatambaa," nikajibu. Habari ya udongo na minyoo nikaibania. Sikuwa mjinga, nilijua fimbo iko wapi.

Mama akaacha kumsalimu, akaanza kuteka maji kisima cha mbali. Akaleta mzee wa kuchanja. Mzee akanikata kwa wembe, akanyonya kwa pembe, akatema kipande cha mkaa. "Hii ndiyo jirani yenu alikuzikia njiani," akasema. Goti halikumsikiliza.

Siku ya soko, Mama akiwa ametoka, Mama Amoit akaingia kwetu bila hodi. "Bado unatambaa? Panda." Akanikalisha kwenye keria ya baiskeli mpaka zahanati. Mama alipopata habari alitufuata mbio, leso mkononi, tayari kwa vita.

Alipoingia, daktari alikuwa ananibonyeza tumbo. "Huyu anakula udongo?"

Mama Amoit alinigeuzia macho, akaniachia jibu. Angenisemea, ningekataa.

"Ndiyo," nikasema. "Wa kichuguu chake. Alinikataza. Alisema nitapata minyoo."

"Si kila mara," daktari akasema, "lakini minyoo ikizidi, viungo navyo huvimba."

Akanipa dawa. Kilichotoka sitaeleza, pengine unakula. Goti likashuka polepole, nikarudi kukimbia.

Mama hakuomba msamaha, hakuwa na mdomo wa hiyo kazi. Alibeba jogoo, akamchinjia jikoni kwa Mama Amoit, akamnyonyoa mwenyewe. Walikula wakicheka. Mimi nilipewa shingo.

Alama za wembe bado ninazo gotini. Wajukuu wakiuliza ni nani alinichanja, nawaambia ni mzee fulani. Wakiuliza nani alimleta, nawaambia ni mimi, kwa kusema nusu tu ya maneno ya jirani.