Paneli Zilizopanguzwa Kila Asubuhi

Leo kamera imeonyesha ni nani aliyeua sola ya Mama Nashipae hapa Kitengela.

Ni yeye mwenyewe.

Pampu ya kisima chake haivuti maji tena. Fundi alifunika paneli kwa turubai ziwe gizani, akaingia chini yake, akazipitishia umeme, akazipiga picha kwa kamera maalum. Kwenye picha, sehemu nzima hung'aa, zilizopasuka ndani huwa nyeusi.

Zilikuwa nyeusi karibu zote.

"Mama, ulikuwa unapanda juu ya paneli?" fundi aliuliza.

"Kila asubuhi, kupanguza vumbi la kwari, pale wanapochimba mawe. Na nilikuwa navua viatu."

Nzima ni moja tu, ile ya pembeni ambayo hakuifikia. Imejaa vumbi.

"Hiyo moja haiwezi kuvuta maji ya ng'ombe tu?"

"Haiwezi, Mama. Na hizi zingine hazitengenezeki."

Ng'ombe walikuwa wameshafika kwenye birika kavu la kunyweshea.

Wewe uliye na sola, kuna mtu aliwahi kukuambia haikanyagwi?