Nilitafuna Kahawa Yake, Sasa Wanasema Yameisha

Admin, naomba unifichie jina, na hawa ninaowataja humu nimewabadilishia majina. Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Nimezaliwa Izigo, Muleba, ila babu yangu alitoka Burundi kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo mpaka leo sisi pale ni wanyamahanga, yaani watu wa kuja. Tunasali nao, tunazika nao, Kihaya tunakiongea vizuri tu, lakini ukikosana na mtu kisimani utakumbushwa. Nalisema mapema kwa sababu ndipo panaponiuma.

Ma Koku ni mama yangu wa ubatizo, mtu mkubwa kanisani. Baba alipofariki alikuja nyumbani na sukari na sabuni, akamwambia mama, "Waitu, huyu mtoto ataozea hapa kwenye migomba. Nina dada yangu ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Uganda, anatafuta msichana wa kuuza duka, awe mcha Mungu." Mama alilia kwa furaha. Ma Koku akanipa rozari yake mwenyewe niende nayo. Jamani, nilijiona nimependwa.

Duka halikuwepo. Kulikuwa na nyumba ya geti, kazi tangu alfajiri, simu yangu wakaichukua, na kulikuwa na kaka wa mwenye nyumba ambaye sitamwelezea hapa, mwanangu ndiye maelezo yenyewe. Nilipodai mshahara, yule mama niliyeambiwa ni dada yake Ma Koku alicheka sana. "Mshahara? Kamdai Ma Koku. Nilishamalizana naye, na anajua kabisa unafanya nini humu." Nilikaa jikoni na ile rozari mkononi nikashindwa kusali. Hata sasa kuna siku nashindwa.

Nilitoroka Jumapili wakiwa kanisani, maana na wao walikuwa watu wa sala hasa! Tumbo lilikuwa limeshaonekana. Padri mmoja wa upande ule alimpigia simu mwanamke nitakayemwita Mama Mwenyekiti, anayeongoza kikundi cha akina mama wa kanisa kinachosaidia wasichana waliouzwa. Alikuja mpakani mwenyewe kunichukua. Akanipa chumba Rwamishenye, hapa Bukoba, kwenye nyumba ya kikundi, akanifundisha kushona, akanishika mkono nikijifungua. Nikiota ndoto mbaya alikuja na godoro lake akalala chini karibu yangu. Nampenda, siwezi kudanganya. Ndiyo maana ninaandika haya nikilia.

Alikuwa ananiuliza kila mara nani alinipeleka kule, mimi naogopa. Akawa ananisukuma: "Mungu hafichi wezi wa watoto wa watu. Mtaje, nitakupeleka polisi mimi mwenyewe." Mwezi uliopita nikajikaza, nikamtaja. Akaacha kushona. Akauliza, "Ma Koku yupi?" Utadhani wako kumi. Kumbe yeye na Ma Koku ni wakwe, mtoto wa huyu ameoa kwa yule. Siku ya kwenda polisi akapata mafua ya ghafla, nikaenda peke yangu. Polisi wakanisikiliza vizuri, wakanipangia nirudi Jumatatu hii kuandika maelezo kamili.

Jumapili iliyopita Mama Mwenyekiti akaniambia twende Izigo, jumuiya inasali kwa mama yangu. Nafika, namkuta Ma Koku amekaa mkekani. Baada ya sala akapiga magoti mbele yangu, watu wote wanaona, akanisogezea kikapu kidogo chenye akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kosa lake hakulitaja. Alisema tu, "Mwana wange, kama kuna mahali nilikukwaza, pokea." Kama kuna mahali! Mama yangu ananikazia macho. Pale kwetu kahawa ya mtu mzima hairudishwi, na ukitafuna ya mliyekosana naye mbele ya mashahidi, ugomvi umekwisha. Hilo nalijua tangu utoto. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikatafuna. Wakapiga vigelegele, wakapiga na picha wakaweka kwenye grupu la kikundi.

Njiani tukirudi Bukoba, Mama Mwenyekiti alikuwa na furaha. "Hongera, mwanangu. Sasa ya polisi yaache. Umeshatafuna. Ukiendelea utakuwa umetudanganya sisi na Mungu, na kikundi hakiwezi kumweka mtu wa namna hiyo kwenye nyumba yake." Nikamwambia, "Mama, si wewe uliyeniambia nimtaje?" Akageukia dirishani. "Tatizo lenu wanyamahanga hamjui kuishi na watu."

Yeye! Aliyelala chini kwa ajili yangu! Sikuumia hivyo hata nilipokuwa nimefungiwa kule. Kwenye kutafuna kahawa mimi ni Mhaya kamili, nikidai haki yangu nageuka mtu wa kuja. Na ile sala, yale magoti, walikuwa wameshayapanga, mimi nililetwa tu kuweka kahawa mdomoni.

Ningeweza kunyamaza, nisiwafiche. Nina mtoto mdogo, sina pa kwenda, na mama yangu anaishi katikati ya watu hao hao. Lakini jana mama alinipigia simu anaongea kwa kunong'ona. Ma Koku ameonekana kwa jirani yetu, nao ni watu wa kuja kama sisi, binti yao amemaliza shule juzi tu. Alienda na sukari na sabuni. Nikauliza, "Na nini kingine?" Mama akasema, "Amempa na rozari."

Jumatatu polisi wananisubiri. Nikienda, mimi na mwanangu tunatolewa Rwamishenye, na mama hatakuwa na wa kumsalimia Izigo. Nyie mnaosoma, hasa mliokulia huko kwetu, msinionee huruma, niambieni ukweli: ile kahawa imenifunga mdomo, au niiteme niende?