Sindano Aliyoikubali Bibi

Nilipokuwa na miaka tisa, kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni dege. Habari zake tuliletewa na Bibi, mama mzaa mama, alipotoka Tanga kuja kuishi nasi katika fleti yetu ya mtaa wa Doornfontein, kusini kabisa mwa Afrika. Alitwambia kwamba dege ni shetani mfano wa ndege, hupita juu ya mtoto mdogo akamtupia kivuli. Mtoto hukakamaa na macho yakageuka meupe. Dawa yake ni kufukizwa, na kufungwa mvuje, ile dawa ya harufu kali, katika kitambaa cheusi. Ila mtoto wa dege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa. Kila alipofika hapo, sauti yake ilishuka.

Jumamosi moja mchana, mama akiwa kazini Randburg, mdogo wangu Shabani, mtoto wa miaka miwili, alishikwa. Alikuwa ameamka na homa. Ghafla akakakamaa mapajani mwa Bibi, akatetemeka, kisha akalegea kama nguo mbichi. Bibi alianza kusoma dua huku akitafuta mvuje wake, akanituma kwa jirani yetu Mkongo nikaombe makaa ya kufukizia.

Sikwenda. Mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilishuka ngazi mbio hadi chini ya jengo letu, palipokuwa na zahanati ndogo ya Daktari Lin, mama wa Kichina wa makamo, mfupi, asiye na maneno mengi. Alichukua mkoba wake akapanda nami.

Alimpima Shabani, akajaribu kuinamisha kichwa chake. Shingo ilikuwa ngumu, haipindi. Akapiga simu kuita ambulensi. Kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba alihofia homa ya uti wa mgongo, kwamba ambulensi ingeweza kuchelewa na dawa haikuweza kusubiri. Achomwe sasa hivi. Bibi hakujua Kiingereza, Daktari hakujua Kiswahili. Katikati nilikuwa mimi, na Kiswahili changu cha kuokoteza.

Nilipolitaja neno sindano, Bibi alimkumbatia Shabani akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mwambie nimezika wanangu wawili," alisema. "Wote walichomwa, na hakuna aliyeuona usiku."

Hata mimi sikuwa nikilijua hilo. Nililitafsiri huku nikilia. Nilidhani Daktari atakasirika, lakini alikaa sakafuni, na mikono yake ikitayarisha dawa akauliza hospitali ya huko kwetu ilikuwa mbali kiasi gani. Bibi akajibu kwamba ilikuwa mwendo wa kutwa nzima, kwanza kwa miguu, kisha kwa lori. Daktari akasema basi wale watoto walifika ugonjwa umeshawamaliza; sindano iliwakuta mwishoni, ikabebeshwa lawama.

Kisha akasimulia, kwa haraka, habari ya kwao Uchina. Mamia ya miaka iliyopita wanawake wengi waliona haya kumweleza tabibu mwanamume maradhi yao, wakafa nayo kimya. Wakatokea wanawake wachache walioingia katika utabibu, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Mmoja wao alifundishwa na bibi yake. Akawatibu wanawake wenzake, na baadaye akaandika kitabu kuhusu aliowaponya, ili elimu ile isizikwe naye. Daktari alihadithiwa hayo na bibi yake mwenyewe, na ndiyo yaliyomtia hamu ya kusoma.

"Alifundishwa na bibi yake?" Bibi aliniuliza.

"Ndiyo, Bibi. Na huyu nimemwita mimi. Kwa jirani sikwenda."

Bibi akaachana na ukuta. Halafu akaketi mbele ya Daktari, akamlaza Shabani mapajani, akamfunua paja.

"Mwambie nitamshika mwenyewe."

Sindano ilipoingia, Shabani alilia, na mimi sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Siku ya nne hospitalini aliomba chipsi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na Bibi alitoka wodini akitembea kama bibi harusi.

Tangu hapo, mtoto yeyote wa jengo letu akipata homa, wa Kitanzania au wa Kikongo, Bibi ndiye aliyebisha hodi kumhimiza mama yake ashuke zahanati. Walioogopa aliwasimulia habari ya yule tabibu wa zamani, na alivyomsimulia ungedhani walichota maji kisima kimoja.

Shabani sasa ni fundi umeme, mrefu hata kila mlango lazima ainame. Bibi tulimzika miaka mingi baadaye, ameshiba umri wake. Utotoni niliamini siku ile elimu ilishinda ujinga. Siku hizi sisemi hivyo. Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa mama aliyefiwa mara mbili na hakuna aliyemweleza kwa nini. Alipopata wa kumweleza kwa heshima, ilimchukua dakika chache tu kuishinda hofu aliyoishi nayo miaka arobaini. Katika maisha yangu sijaona ushujaa mkubwa kuliko huo.